Binti yangu hayumo kwenye orodha ya form four na usajili ulishafungwa, nani wa kumshtaki hapa?

mama_wawili_dom

Mbukwenyi wana Dodoma na wengine wote humu. Naandika usiku huu sijala wala sijaoga, mnisamehe kama nitachanganya mambo.

Binti yangu yupo form four shule moja ya binafsi hapa mjini, anasoma kutwa. Form one mpaka katikati ya form three alikuwa bweni huko Singida, pia ya binafsi, maana baba yake alikuwa na biashara ya alizeti upande ule. Biashara ikayumba, ada ikawa inaenda kwa kusuasua, mwaka jana mwezi wa saba nikaamua arudi nyumbani asome akitokea hapa Nkuhungu. Tuliondoka na deni la 480,000. Sikulikataa, nilimwambia mkuu wa shule ya Singida nitalipa kidogo kidogo na kweli mpaka mwezi wa tano mwaka huu nimeshalipa 300,000, risiti ninazo.

Sasa huku walimpokea vizuri tu. Nikawaambia kabisa jamani kule hawajamwachia kwenye mfumo wanasubiri deni, mwalimu wa taaluma akasema mama wewe mlete mtoto asome, hayo ya mfumo tutamalizana wenyewe kwa wenyewe walimu. Mwezi wa pili nikalipa elfu 50 ya mtihani kwenye akaunti ya shule, silipu ipo. Kila nikiuliza kwa wasapu najibiwa "tunalishughulikia mama ondoa shaka". Meseji kama sita hivi za namna hiyo.

Mock kafanya na wenzake. Wiki iliyopita wakabandika orodha wahakiki majina na masomo, binti kasoma juu mpaka chini mara tatu hajiioni. Alirudi nyumbani hakusema kitu, kaingia ndani kalala na yunifomu, mdogo wake ndo akaja kuniambia sokoni.

Nimeenda shule, mkuu anasema mfumo umefungwa muda mrefu na kosa ni la Singida hawakumwachia. Nimepiga Singida wanasema kosa ni langu sijamaliza deni. Nimeenda ofisi ya elimu nikaambiwa andika barua. Juzi shule wameniita na karatasi, wanasema mwakani arudie form four bure ila nisaini kwamba sitakuwa na madai yoyote kwao tena. Sijasaini, nimesema naenda kuongea na baba yake.

Maswali yangu. Kuna njia ya mahakama kulazimisha Baraza la Mitihani wamwingize? Mtihani ni Novemba na leo ni mwisho wa Agosti. Na kama haipo, naweza kuishtaki shule, ipi kati ya hizo mbili? Mie ni muuza mitumba pale Sabasaba sina hela ya wakili wa suti.

chalii_wa_ipagala

Pole sana dada. Mi nakushauri chukua hiyo ofa ya mwaka mmoja bure uendelee na maisha. Kesi za bongo mpaka iitwe mara ya kwanza mtoto keshamaliza chuo. Na kushindana na Baraza ni kupigana na ukuta, utaumia mkono wewe.

wakili_wa_mtaani

Chalii hapo kwenye Baraza uko karibu na ukweli ila kwenye kusaini umempoteza dada wa watu. Dada usisaini hiyo karatasi kwanza, nitaeleza kwanini.

Mimi ni wakili, nafanyia hapahapa Dodoma, naandika kama ushauri wa kijiweni tu, ofisini ndo tunasoma dokumenti moja moja. Hapa una watu watatu, Baraza, shule ya sasa na shule ya Singida, na kosa wanalofanya wazazi wengi ni kumkimbilia yule mkubwa mwenye jina wakati mkataba hawana naye. Baraza la Mitihani limeundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na kwa mtahiniwa wa shule linapokea majina kutoka shuleni, halimjui mzazi. Kwahiyo ukienda kwa jaji swali la kwanza utakalokutana nalo ni Baraza limekosea nini. Lilitoa tarehe, lilifungua mfumo, jina halikuletwa, likafunga. Umeona ilivyo ngumu.

Afu kuna hesabu ya siku. Baraza ni chombo cha serikali. Ukitaka kulifungulia kesi ya madai ya kawaida lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 lazima umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi inaenda Mahakama Kuu. Sasa hesabu mwenyewe kwa vidole, siku 90 kuanzia leo zinaangukia mwisho wa Novemba, wenzake watakuwa wameshamaliza pepa. Kuna watu watakwambia omba zuio la Mareva, lile ambalo mawakili huwa tunakimbilia wakati notisi bado haijaiva. Ni kweli lipo, ila kazi yake ni kuzuia kitu kisiharibike, mnada usifanyike, nyumba isibomolewe. Hapa wewe hutaki kitu kisimame, unataka jina liingizwe, ni ombi la aina nyingine kabisa.

Njia inayofaa kwa aina hii ya mambo ni mapitio ya mahakama, ile ya kuomba amri ya mandamus kwamba chombo fulani kilazimishwe kufanya wajibu wake. Hiyo nayo unaanza kwa kuomba kibali, kwa kanuni za mwaka 2014 una miezi sita tangu uamuzi unaoulalamikia, ukipata kibali ndo unaleta maombi yenyewe. Na neno uamuzi hapo ndo mtego wenyewe. Wewe mpaka sasa huna uamuzi wa Baraza, una maneno ya mkuu wa shule kwamba "mfumo umefungwa". Huwezi kwenda kulalamikia kitu ambacho hujakiomba ukanyimwa. Ndo maana ile barua uliyoambiwa uandike usiidharau, iandike kesho, kwa Katibu Mtendaji wa Baraza, ipitie kwa mkuu wa shule na Afisa Elimu, eleza kila kitu na ambatanisha silipu ya elfu 50. Wakikubali umepona. Wakikataa kwa maandishi, una karatasi ya kuanzia. Na ukipeleka barua hakikisha anayepokea anasaini kwenye kopi yako na kugonga muhuri, siyo "iache hapo mama nitampa bosi".

Usiniambie pia kuhusu Katiba maana najua kuna mtu atakuja kuandika humu. Ibara ya 11 inataja elimu, kweli, lakini ipo kwenye ile sehemu ambayo ibara ya 7(2) imesema haitekelezwi na mahakama. Kwa majirani wa mbali hali ni tofauti kidogo. India kesi hizi za fomu kuchelewa wanazo nyingi mno, mzazi anaenda Mahakama Kuu kwa ibara yao ya 226 na jaji wakati mwingine anatoa amri ya muda mtoto akae kwenye mtihani kesi ikiendelea. Ila hata kwao, mwaka 2003, kwenye shauri la bodi yao ya mitihani, CBSE, Mahakama ya Juu ilikemea huo mtindo, kwasababu mtoto anafanya mtihani kwa huruma, kesi ikija kuanguka matokeo yake yanabaki hewani na kila mtu anamlilia jaji aseme basi tu yaacheni. Kwahiyo usipewe matumaini na video za mtandaoni.

Nije kwa shule ya sasa, huku ndo kwenye nyama. Wewe na hiyo shule mna mkataba hata kama hamkusaini kurasa kumi. Walipokea ada, wakapokea elfu 50 ya kazi maalum ya kumsajili, wakijua tatizo la Singida, wakaahidi kwa meseji kwamba wanalishughulikia. Hawakufanya na hawakukwambia hawajafanya, na hilo la pili mimi naliona baya kuliko la kwanza, maana wangekwambia Machi ungeuza hata cherehani ukamaliza hiyo 180,000. Sheria ya mikataba kifungu cha 73 inakupa fidia. Muda wa kudai kwa mkataba ni miaka sita, ukienda kwa uzembe ni mitatu, kwahiyo hakuna haja ya kukurupuka wiki hii. Hii siyo ya Mahakama Kuu, inaanzia wilaya au kwa hakimu mkazi. Binti kama hajafika 18 unafungua wewe kwa niaba yake. Ada ya mwaka uliopotea, hiyo elfu 50, nauli, kila unachotaja kwa tarakimu ukithibitishe kwa risiti, hakimu hapokei "kama laki nane hivi". Usumbufu na maumivu mahakama inapima yenyewe.

Na hizo meseji usifute, usibadilishe simu, zipige skrinishoti na simu yenyewe uitunze. Tangu sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 meseji ni ushahidi unaopokelewa, ila lazima uoneshe zimetoka wapi.

Sasa ile karatasi. Ukishasaini kwamba huna madai, yote niliyoandika hapo juu yamekufa.

Suala la hela, tangu 2017 tuna sheria ya msaada wa kisheria, kuna watoa huduma waliosajiliwa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya au pale Kituo Jumuishi cha mahakama ulizia dawati. Na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora makao yake yapo hapahapa Dodoma, malalamiko ya ofisi ya umma kuzungusha mtu wanapokea bure. Ila anza nao kabla ya kesi, likishakuwa mahakamani wao hawaligusi.

mwl_chaki_nyeupe

Nimesoma na nimeumia, nimekuwa mwalimu wa taaluma miaka tisa kabla ya kuhamia kazi nyingine. Naomba niongee upande ambao wakili haujui, asinichukulie vibaya.

Mama, kwenye PReM, huo mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, mtoto hahamishwi na shule inayompokea. Anakotoka lazima wamwachie, anakokwenda ndo wampokee. Kama Singida hawakumwachia basi mwalimu wa hapa alikuwa anafungua mfumo kila siku anatafuta jina ambalo kwake halipo. Simtetei kwa kukuficha, hapo alikosa utu, ila nakueleza kwanini "tunalishughulikia" ilikuwa ndefu hivyo. Yule mwalimu pengine alipiga simu Singida mara ishirini. Na uhamisho ukishaingia mwaka wa mtihani unakuwa mgumu mara mbili, ndo maana tunawaambia wazazi hameni form one na three, siyo mnasubiri.

Sasa sikiliza na hii ndo sababu ya mimi kuandika. Kama hawakumwachia maana yake kwenye mfumo bado ni mwanafunzi wa Singida. Umeangalia kama Singida hawajamsajili wao??

Nilishakutana nayo. Shule zenye watoto wengi mwalimu anachukua orodha yote ya waliofanya form two pale kwake, anaipandisha kama ilivyo, kontroo namba inatoka moja ya wote, bodi ya shule inalipa kwa mkupuo, hakuna aliyekaa kuchambua nani yupo darasani nani aliondoka. Mwaka mmoja tulikuwa na watoto wawili ambao tulijua hawajasajiliwa popote kumbe wana namba kwenye shule walizotoka, mmoja tukamjua wiki tatu kabla ya mtihani. Usimuulize mkuu wa shule kwa simu kuhusu deni, atakwambia deni. Muulize mwalimu wa taaluma swali moja tu, jina lipo kwenye orodha ya watahiniwa au halipo, na namba yake ni ipi, ile inayoanza na S.

Kuhusu kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea mwaka huu usipoteze nauli, dirisha lao kwa form four linafunguliwa Januari mosi, bila faini mwisho 28 Februari kwa elfu 50, Machi ni kwa faini elfu 65, Aprili wameshafunga.

kibaigwa_mpaka_ulaya

Dada nipo kwenye hili na roho yangu yote. Mimi yalinikuta, shule siitaji. Baba alilipa kila kitu, mkuu wa shule alihamishwa katikati ya mwaka, mpya akaja hakukuta faili langu, nikaambiwa namba hakuna. Mzee wangu ni mkulima wa mahindi hapa Kibaigwa, wakamwita ofisini wakampa soda, wakamrudishia ada ya muhula mmoja akasaini karatasi kama hiyohiyo yako. Alivyosaini ndo kila mtu akawa mkali, hata kutafutiwa barua ya kuthibitisha nilisoma pale ilikuwa shughuli.

Mwaka uliofuata nilifanya kama mtu wa kujitegemea, namba inaanza na P. Watu hawajui tofauti. Mwenzako wa shule anaingia na alama zake za mazoezi 30 mkononi, kuanzia ule mtihani wa form two, pepa inabeba 70. Wewe wa P pepa ndo kila kitu, ukiamka na malaria siku ya hesabu ndo imeisha. Nilipata div three namshukuru Mungu nipo chuo saa hizi, lakini ule mwaka niliokaa nyumbani nabeba magunia huku darasa langu lote lipo form five nausikia mpaka leo.

Kwahiyo hata wakisema "arudie bure", waulize arudie kama nani? Mtahiniwa wa shule au wa kujitegemea anayekaa tu darasani kwao? Waandike.

chalii_wa_ipagala

Duh sikulijua hilo la S na P. Narudisha maneno yangu kidogo.

Ila wakili mbona unamwacha yule wa Singida anapeta? Yule ndo kashikilia mtoto wa watu kama gunia la rehani.

wakili_wa_mtaani

Simwachi, nampanga. Deni ni halali na alikuwa na pa kulidai, 180,000 anaenda mahakama ya mwanzo anakaa nalo siku mbili tatu. Kumng'ang'ania mtoto kwenye mfumo ili mzazi alipe ni njia ya mkato. Tatizo ni kwamba dada aliondoka na deni, na mwenye deni akisimama kizimbani anapunguzwa nguvu hata kama amelipa zaidi ya nusu. Mimi ningewaunganisha wote wawili kwenye kesi moja, warushiane mpira mbele ya hakimu badala ya kuurusha kwa simu.

Na mwalimu nashukuru, hilo la kwamba anaweza kuwa amesajiliwa Singida sikuliwaza kabisa. Likiwa kweli hata mahakama haihitajiki kwa mwaka huu. Dada kesho asubuhi piga.

Kwa wasomaji wengine ambao mtoto yuko shule ya serikali, msichukue nilichoandika cha shule binafsi mkakibandika kwenu. Huko anayeshtakiwa ni serikali, notisi ya siku 90 inarudi palepale.

bint_hombolo

Samahani naulizia pembeni, mimi form four ya serikali kuanzia 2016 si mitihani ni bure? Sasa kuna shule jirani na sisi wamechangisha "hela ya usajili" elfu 20. Hii nayo ni kosa la nani?

mwl_chaki_nyeupe

Ada ya mtihani wa form four kwa shule ya serikali mzazi halipi. Elfu 20 waulize ni ya nini na wakupe risiti ya serikali yenye kontroo namba, wakishindwa umepata jibu. Anzisha uzi wako mwanangu tusimpoteze mama.

mama_wawili_dom

Nimerudi. Sikulala.

Nimepiga Singida saa mbili asubuhi kama mwalimu alivyonielekeza, sikumtafuta mkuu, nilitafuta namba ya mwalimu wa taaluma kwa mzazi mmoja wa Manyoni tuliokuwa naye kwenye grupu la wasapu la zamani. Nikamwamkia, nikamuuliza lile swali moja tu. Akakaa kimya kidogo akaniambia subiri. Akapiga baadaye kama saa tano. Jina lipo. Ana namba. Anasema walipandisha darasa zima.

Niliangua kilio pale kwenye meza ya mitumba mteja akadhani nimefiwa.

Ila ngoja, siyo rahisi hivyo. Amesajiliwa masomo saba yale ya lazima tu, na binti huku anasoma na biashara na uwekezaji wa hesabu, sijui mnaitaje, bukukiping. Hayo hayamo. Na mkuu wa kule amekuja kwenye simu mwenyewe anasema mtoto akae mtihani kwake akitaka, ila nimalize kwanza 180,000 na nilipe elfu 50 waliyomlipia na ya chakula cha bweni kwa wiki za mtihani. Jumla kanitajia 340,000. Na huku shule ya Dodoma nimewaambia warudishe basi elfu 50 yangu, mkuu kasema mpaka nisaini ile karatasi.

mwl_chaki_nyeupe

ALHAMDULILLAH mama. Masomo saba yanatosha, division inahesabiwa kwa saba yaliyo bora, hajapungukiwa cheti, ila hana la akiba, akiteleza moja hana la kufidia. Biashara na bukukiping aweke pembeni kuanzia leo, asigawe nguvu.

Alama zake za mazoezi za form three nusu ya pili na form four zipo huku Dodoma, Singida hawana. Hilo ulifuatilie kwa walimu wa pande zote mbili wiki hii hii, huku wamwandikie, kule wazijaze. Usiliache mpaka Oktoba. Na kwenye ile barua yako ombeni na kubadilishiwa kituo afanyie huku, wanaweza kukataa lakini kuomba hakuna faini.

wakili_wa_mtaani

180,000 ni deni lako, lipa, uchukue risiti iliyoandikwa "deni limekwisha". Elfu 50 waliyomlipia nayo ni haki yao, lipa, afu hiyohiyo utaidai Dodoma kwa sababu umelipa kitu kimoja mara mbili, hiyo ndo tarakimu ya kwanza kwenye madai yako. Ya bweni jadiliana, una ndugu Singida mtoto akalale kwao?

Kama hela inakwama usiache namba ipotee kwa 340,000. Anza na ya deni na ya mtihani, nyingine wakuandikie.

kibaigwa_mpaka_ulaya

Dada mimi nina elfu 20 ya kukuongezea, nitakufuata Sabasaba Jumamosi nina safari ya mjini. Kweli kabisa.

mama_wawili_dom

Jamani siwezi hata kuandika. Mwanangu wa Kibaigwa njoo ila uje kuchagua na shati, hutoki bure.

Wifi yangu yupo Singida pale mjini, nimeongea naye, binti atalala kwake. Jumatatu napanda basi la alfajiri pale Nanenane na risiti zote kwenye mfuko wa rambo. Baba yake kapatikana na laki moja, nyingine naidunduliza. Binti nimemwambia jana usiku, kaniuliza tu "kwahiyo nafanya mama?", nikamwambia unafanya, akawasha taa akarudi kwenye jiografia.

Ile karatasi ya shule sijaisaini, bado ipo kwangu, walinipa niende nayo nyumbani.

wakili_wa_mtaani

Ipige picha mbele na nyuma kabla hujawarudishia. Na kama ina muhuri, usiwarudishie.